Lori la umeme, Dar mpaka Tunduma: tupige hesabu



Tangu Kombe la Dunia la 2022 hapa Doha tumezoea kuona mabasi ya umeme, na swali linarudi kila mara: kama basi linahimili joto hili, lori la kwetu linashindwa nini? Jibu ni kwamba basi la mjini hurudi kulala kituoni kwake, na chaji iko palepale. Lori la masafa marefu halina kwao.

Hebu tupige hesabu. Dar es Salaam mpaka Tunduma ni kama kilomita 930. Lori lenye tela na mzigo kamili hunywa takriban lita 420 za dizeli, uzito usiofika kilo 400. Kwa umeme, kazi hiyohiyo inataka kama uniti 1,500, na betri za kubeba uniti hizo zina uzito wa tani 9 hivi. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 56, gari na mzigo pamoja. Yaani kila tani ya betri inayozidi ni tani ya shaba au mbolea iliyoachwa nyuma.

Basi tupunguze betri nusu, lichaji Iringa? Sawa, lakini kujaza uniti 750 kwa saa moja ni kilowati 750. Malori kumi kwa pamoja ni megawati 7.5, na huwezi kuunga mzigo huo kwenye nguzo ya kijijini. Umeme wenyewe upo, bwawa la Julius Nyerere pekee lina uwezo wa megawati 2,115. Kazi ni kuufikisha kando ya barabara.

Ila mimi naona haraka hiyo si yetu. Malori yetu hulala njiani, na foleni ya Tunduma imewahi kula siku nzima nzima. Chaja ya kilowati 100 ingejaza uniti zile kwa saa saba na nusu, dereva amelala zake. Malori kumi hapo ni megawati moja tu! Na mlima Kitonga una faida: lori linaloteremka na shaba ya Zambia au Kongo, mota yake hugeuka jenereta, breki zinapumzika na betri inapata kitu.

Linabaki la bei, na hili ndilo linalonitia wasiwasi. Wenye malori wengi kwetu hununua yaliyokwisha tumika Ulaya. Sheria ya huko ya mwaka 2024 inataka hewa ukaa ya malori mapya ishuke kwa asilimia 45 ifikapo 2030 na 90 ifikapo 2040, ikilinganishwa na 2019. Kwa hiyo mtumba wa kesho utakuwa ama dizeli chakavu, ama lori la umeme lenye betri iliyochoka. Injini ya dizeli fundi wa Mbeya ataifumua na kuifufua. Betri iliyokufa hana la kuifanya, na ndiyo sehemu ya gari yenye bei kubwa kuliko zote.

Kanuni ya kupima betri kabla gari halijapakiwa melini ni karatasi tu, haihitaji mkopo wa mtu. Tuanze na hiyo, kabla mtu hajauza shamba kununua lori lisilofika Morogoro.

Al Wukair, Doha