Maji ya Mshipani Ini Linapobadilishwa

Chupa ya maji inayotundikwa juu ya kitanda cha mgonjwa twaijua sote, na wengi hudhani maji hayo yote ni mamoja. Sivyo, na katika upasuaji wa kubadilisha ini kosa la kuyachagua laweza kumwua mtu.

Upasuaji huo ulijaribiwa kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1963 mjini Denver, Marekani, na Daktari Thomas Starzl. Mgonjwa, mtoto mdogo, alifariki kwa kutokwa na damu. Hata leo damu nyingi huweza kupotea, na daktari wa dawa ya usingizi hana budi kuijaza mishipa, ama sivyo moyo hukosa cha kusukuma. Aijaze kwa nini?

Kuna maji ya chumvi, gramu 9 kwa lita. Kloridi yake ni milimoli 154 kwa lita, hali ya damu ni kama 100 tu. Yakitiwa kwa wingi damu huingia asidi, na asidi huitoa potasiamu katika chembe za mwili na kuileta damuni. Ini jipya nalo, damu inapofunguliwa kulipitia, humwaga potasiamu yake. Zikikutana hizo mbili, moyo waweza kusimama.

Kuna pia maji ya Ringer yenye lakteti. Mwili huigeuza lakteti kuwa baikaboneti, ipunguzayo asidi. Lakini mfanyaji mkubwa wa kazi hiyo ni ini lenyewe! Kwangu mimi hapa ndipo penye ajabu: kuna kipindi, pengine saa nzima, mgonjwa amelala pale hana ini lo lote lifanyalo kazi. La zamani limekwisha kutolewa, jipya halijaunganishwa. Lakteti hurundikana. Tena madaktari huipima lakteti ili wajue kama ini jipya limeamka. Wakiitia wenyewe, kipimo huwachanganya.

Kwa hiyo wengi hupendelea maji yenye aseteti, kwa kuwa misuli nayo huweza kuigeuza, na misuli haikuondolewa. Maji hayo yana potasiamu milimoli 5 kwa lita, na ya chumvi hayana kabisa. Lakini kiasi hicho chakaribia kile cha damu, hakina hatari kama ya asidi. Huongezwa albumini, na damu yenyewe ikihitajiwa.

Wala yasizidi. Mishipa ikifura, damu hububujika zaidi pale kisu kinapopita.