Bunduki moja, kazi mbili: silaha ya wawindaji wa Ujerumani

Wahenga wetu walisema mshika mbili moja humponyoka. Wawindaji wa Ujerumani na Austria ni kama hawajausikia msemo huo. Kwa zaidi ya miaka mia moja wamekuwa wakiingia msituni na bunduki moja yenye mitutu ya aina mbili: mmoja wa risasi, mwingine wa marisau. Paa akitokea, wana lake. Bata akiruka, wana lake pia.

Nianze kwa kuweka wazi jambo moja, maana najua maneno ya barazani yanavyokwenda. Hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na simshauri mtu yeyote akatafute silaha. Nazungumzia kifaa cha watu wa kwao, ambacho nimekuwa na hamu ya kukielewa tangu shemeji yangu mmoja, Mjerumani aliyeoa kwetu, anionyeshe chake nyumbani kwake. Aliniwekea mkononi kikiwa kitupu, kimefunguliwa, na hata hivyo akanitazama kama mtu aliyempakatisha mgeni mtoto mchanga.

Mtutu wa risasi una michirizi ndani yake inayoizungusha risasi ikitoka, nayo kwa mzunguko ule huenda sawa. Mwindaji aliyezoea humpiga mnyama aliye mita 150 mbali, pale pale alipopakusudia. Mtutu wa marisau, ule wa bunduki tunayoiita shotgani, ni laini ndani, na hutoa chembe nyingi ndogo zinazotawanyika kama mtama uliorushwa kwa kuku. Ni wa kitu kinachoruka au kinachokimbia, na kikishapita mita 35 hivi chembe zimeachana mno, huwezi kuzitegemea.

Sasa, kwa nini mtu asibebe moja tu? Jibu, nilivyolielewa, liko kwenye sheria zaidi kuliko kwenye ufundi. Sheria ya uwindaji ya Ujerumani inakataza kumpiga mnyama mwenye kwato kwa marisau, kwa kuwa chembe zile humjeruhi akaenda kufia kichakani kwa mateso. Paa mdogo wa kule lazima apigwe kwa risasi ambayo ikifika mita 100 bado ina nguvu ya jouli 1,000. Wanyama wakubwa zaidi, kama nguruwe mwitu na kulungu, wanataka jouli 2,000 na risasi yenye upana usiopungua milimita 6.5. Ndege naye, akiwa hewani, hapigwi kwa risasi kama hiyo na mtu mwenye akili timamu. Kwa hivyo anayetoka na bunduki ya aina moja amejifungia nusu ya msitu.

Na msitu wenyewe ni mdogo. Mjerumani haendi porini kuwinda anapotaka. Haki ya kuwinda imefungamana na ardhi: mwenye ardhi ya hekta 75 au zaidi iliyoungana anaweza kuwa na eneo lake, na wenye mashamba madogo huunganishwa pamoja, kisha eneo lao aghalabu hukodishwa. Mwindaji hurudi palepale mwaka mzima. Katika kipande hicho kimoja mna paa, sungura, mbweha, bata na nguruwe, na alfajiri akitoka hajui ni nani atakayetangulia kutokea. Bunduki ya mitutu mchanganyiko ilizaliwa hapo, kwa mtu anayetembea peke yake katika shamba analolijua.

Zipo za namna nyingi. Ya mitutu miwili, wa risasi na wa marisau, mmoja juu ya mwingine, ndiyo nyepesi. Ya mitutu mitatu huitwa Drilling, neno la Kijerumani lenye maana ya mmoja wa pacha watatu. Ya kawaida ina miwili ya marisau ubavu kwa ubavu na mmoja wa risasi chini yake. Ya minne ipo pia, lakini hiyo naiona ni mafundi kutunishiana misuli. Miji yenye sifa ya kuzitengeneza ni Suhl huko Ujerumani, ambako kampuni ya Sauer ilianza kazi mwaka 1751, na Ferlach huko Austria.

Nilipoiona nilihesabu mitutu mitatu na vifyatulio viwili tu, nikauliza cha tatu kiko wapi. Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Juu ya shingo ya bunduki, kidole gumba kinapotulia, pana kitufe cha kusukuma. Kikiwa nyuma, vifyatulio vyote viwili ni vya marisau. Kikisukumwa mbele, kifyatulio cha mbele kinageuka kuwa cha risasi, na papo hapo kilengeo kidogo kinainuka chenyewe juu ya mitutu, kukujulisha kwamba sasa umeshika kitu kingine. Ni ufundi mzuri sana. Lakini yote yanategemea kidole kimoja na kumbukumbu ya mtu ambaye moyo wake unadunda kwa sababu mnyama ametokea.

Hebu fikiria amemwona paa, akasukuma kitufe, paa akatoweka. Dakika tano baadaye bata anaruka juu ya kidimbwi. Mwindaji anainua bunduki, anavuta, na badala ya marisau imetoka risasi kuelekea angani. Chembe za marisau hazifiki mbali. Wenyewe wana kanuni yao: chukua upana wa chembe kwa milimita, zidisha kwa mia, utapata mita za hatari, kwa hivyo chembe ya milimita 3.5 ni ya kuogopwa hadi mita 350. Risasi iliyoelekezwa juu huenda kilomita kadhaa, hata tano, na huko iendako kuna kijiji, kuna barabara, kuna mtu anaanika nguo. Ndiyo sababu hawafyatui risasi mpaka waone udongo nyuma ya mnyama, wa kuipokea ikishampitia, na ndiyo sababu vibanda vyao vya kuvizia vimeinuliwa juu ya nguzo, ili risasi iende chini ardhini.

Katika nyingi za zamani kuna hatari nyingine: kifyatulio cha risasi, ukikisukuma mbele kwanza, kinakuwa chepesi kiasi kwamba mguso tu unatosha. Husaidia mkono kutotikisika. Ukikisahau hivyo ukaanza kutembea, Mungu akunusuru. Bunduki nyingi za siku hizi zimeacha mtindo wa kubaki tayari muda wote. Mwindaji anautia mtutu wa risasi tayari kwa kidole gumba pale tu anapotaka kufyatua, na akighairi anaurudisha.

Nguruwe ndiye anayewapa wakulima wa kule kazi, kama anavyowasumbua wenzetu wenye mihogo na mahindi. Shemeji, akimwangusha, humwachia mwenzake. Paa huleta nyumbani.

Wazo hili limewafaa hata wasio wawindaji. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia jeshi la anga la Ujerumani liliagiza Drilling kutoka Sauer kwa ajili ya marubani wa Afrika Kaskazini, ili akianguka jangwani apate kujilisha na kujilinda. Warusi nao: Machi 1965 Alexei Leonov na Pavel Belyayev walirudi kutoka angani wakatua mbali na walipotarajiwa, katika msitu wenye theluji, wakalala huko siku mbili na bastola tu huku wakihofia mbwamwitu na dubu. Baadaye, kuanzia mwaka 1986, wanaanga wa Kisovieti walipewa silaha ya mitutu mitatu, miwili ya marisau na mmoja wa risasi, yenye kitako kinachotoka kikawa panga.

Kasoro zake hazifichiki. Ni ghali, kwa kuwa kuifanya mitutu mitatu ielekee sehemu moja ni kazi ya fundi bingwa. Ile iliyochomelewa pamoja, mmoja ukipata moto huvuta mwenzake, na risasi ya pili au ya tatu hupanda juu ya shabaha. Anayeijua hufyatua moja, akasubiri ipoe. Kwa kupiga bata wengi mfululizo, au kwa nguruwe wanaofukuzwa kundi zima, kila mtu huchukua bunduki ya kazi hiyo moja.

Nilimuuliza shemeji anafanyaje asikosee kitufe. Alinijibu kwamba paa akitoweka, kabla hajainua mguu, hukirudisha nyuma na kukipapasa kwa kidole, kila mara, hata akiwa na hakika. Na akifika kwenye ua au mtaro, huifungua bunduki, akatoa zote tatu, akavuka, ndipo akaijaza tena upande wa pili.