Utani Usio na Mtani

Asubuhi za mwezi wa Julai hapa Kwai, katika milima ya Usambara, ukungu ukiwa bado umelala juu ya matuta ya kabichi na karoti, wakulima wengi hawashiki jembe kabla ya kushika simu, maana katika kundi lao la WhatsApp ndimo hupatikana bei ya gunia la viazi na habari za lori litakaloteremka Mombo. Kundi hilo ndilo baraza yao, na atiwaye humo amepewa kiti barazani. Mwaka jana alitiwa kijana mmoja, mzaliwa wa Mtwara, aliyekuja kukodi shamba, na kabla hajamaliza kutoa salamu, mtu mmoja aliyezoeleka kwa mizaha akaweka picha ya panya wa kubanikwa, na chini yake maneno haya: "Karibu mgeni, chakula cha kwenu kiko tayari." Nilizihesabu nyuso za kucheka zilizofuata, zilikuwa kumi na tisa. Kijana hakughadhibika wala hakulalama, bali aliandika "Asanteni," akanyamaza majuma mawili, kisha siku moja ukatokea ule mstari mdogo wa kijivu unaosema kwamba ameondoka.

Nilipomwuliza mwenye picha alinijibu kwa moyo mweupe, "Ule ulikuwa utani tu, mzee wangu." Neno hilo ndilo lililonitia kuandika, kwa kuwa utani ni ada yenye sharti zake, nasi tumelitwaa jina lake tukaziacha sharti.

R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefika Amani, katika Usambara ya Mashariki, mwaka 1928, alivutwa na ada hiyo hata akaitungia makala, iliyochapishwa mwaka 1941 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Asili ya utani baina ya makabila hutajwa kuwa ni vita vilivyokwisha kwa suluhu, au mikutano ya njiani zama za misafara, ambapo Mnyamwezi aliyeshuka pwani alimkuta Mzaramo nchini kwake, wakahitajiana. Mtani anayo ruhusa ya kukutolea maneno ambayo ndugu yako hathubutu kuyatamka, na kwenye maziko aweza kuingia kaburini akalala humo mpaka apewe chochote. Lakini huyo huyo ndiye achimbaye kaburi lenyewe, na ukifikwa na maradhi ugenini ndiye mlango wa kwanza utakaoubisha. Tusi lake limefungwa kwa wajibu, nawe una haki ya kumrudishia kwa kipimo kile kile, mbele ya watu wale wale.

Sasa mtazame yule kijana. Hakuna aliyemwahidi kumzika. Alikuwa mmoja mbele ya kumi na tisa, hajui nani ni nani, na kila jibu lilikuwa mtego: akijibu kwa ukali ataambiwa hajui mzaha, akinyamaza itahesabiwa kwamba ameridhia. Tena naamini si ile picha iliyomwondoa. Mgeni hampimi mwenye kufanya dhihaka, kwani kila mji una mpuuzi wake. Huwapima wanaocheka, na zaidi ya hao, wale wanaoona wakapita kimya. Wataalamu wawili, Thomas Ford na Mark Ferguson, waliandika mwaka 2004 kwamba mizaha ya kudhalilisha watu humpa ruhusa yule ambaye tayari anayo chuki moyoni, kwa kumwonyesha kwamba mahali hapa jambo hilo si aibu. Mgeni huisoma ruhusa hiyo upesi kuliko sisi wenyeji.

Wala si mgeni peke yake aisomaye. Katika milima hii wanaishi Wambugu, wenye lugha ya Kima'a ambayo maneno yake mengi hayafanani na ya Kisambaa, ingawa sarufi yake ni ya Kibantu. Mama mmoja wa kabila hilo aliniambia kwamba siku ya ile picha hakucheka, kwa kuwa alikwisha kusikia usemi wa wazee wake ukiigizwa vivyo hivyo sokoni. Tangu siku hiyo, alisema, hakuuliza tena swali lolote kundini.

Jambo hili lanisikitisha zaidi kwa kuwa nchi hii ilipata wafalme wake kwa kumpokea mgeni. Mgeni huyo ni Mbegha, ambaye, kama isimuliwavyo katika kitabu cha Habari za Wakilindi, alikuwa kigego, yaani mtu aliyetangulia kuota meno ya juu, akafukuzwa na jamaa zake kule Nguu. Akaingia milimani na mbwa wake wa kuwindia, na Wasambaa, badala ya kumcheka yeye na meno yake, wakabadilishana naye, yeye akiwapa nyama nao wakimpa vyakula vya shambani, hata siku alipoua simba wakamwita Simba Mwene.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kumtukana mtu kwa ajili ya asili yake, lakini sheria haikai barazani kila asubuhi. Mwezi uliopita alitiwa kundini mgeni mwingine, mwuza mbegu kutoka Kigoma, na picha ya namna ile ile ikaanza kushuka. Bibi mmoja mkulima, ambaye huandika mara chache, akaandika: "Huyu bado si mtani wetu. Ifute, mwanangu." Ikafutwa. Kitambo kidogo baadaye yule mgeni akauliza gunia la viazi linakwendaje, na watu wanne wakamjibu.