Jukwaa la mji mdogo

Red Cloud ni mji wa wakulima katika jimbo la Nebraska, Marekani. Wakazi wake leo ni kama 1,000 tu, lakini una jumba la opera. Lilijengwa mwaka 1885, mji wenyewe ukiwa na umri wa miaka kama 15, huku baadhi ya walowezi wa mashambani wakiwa bado wanaishi katika nyumba za udongo. Chini palikuwa na biashara, na jukwaa likawekwa ghorofani.

Ramani hiyo ilikuwa ya kawaida. Kuelekea mwisho wa karne ya 19, miji midogo mingi ya Marekani ilijijengea majumba ya aina hiyo, na kodi ya maduka ya chini ilisaidia kuuendesha ukumbi wa juu. Jina la opera liliupa ukumbi heshima hata mbele ya waumini walioona maigizo kuwa dhambi. Opera yenyewe ilikuja mara chache. Siku nyingine ukumbi ulikuwa wa mikutano ya siasa, mihadhara, dansi, michango kwa ajili ya wenye shida na mahafali ya shule.

Wasanii waliletwa na reli. Vikundi vya maigizo vilipanda treni mji hadi mji, na Red Cloud ilikuwa kwenye njia yao. Mwandishi Willa Cather, aliyekulia hapo, alieleza baadaye jinsi watoto walivyoyasoma mabango ya maonyesho kwa hamu na kwenda stesheni kuwaona waigizaji wakishuka.

Wala hakubaki mtazamaji. Mwaka 1888, akiwa bado binti mdogo, alipanda jukwaani katika mchezo ulioandaliwa na watu wa mji wenyewe. Mwaka 1890 alihitimu sekondari katika darasa la wanafunzi watatu tu, naye akahutubia ukumbini humo akitetea uchunguzi wa kisayansi dhidi ya ushirikina. Mwaka 1912 aliipa hadithi yake moja jina la opera ya mtunzi Balfe, *The Bohemian Girl*, na mwaka 1923 akapata Tuzo ya Pulitzer. Hakuna awezaye kusema ukumbi ndio uliomfanya kuwa mwandishi. Lakini ulimpa mtoto wa mashambani nafasi ya kuona sanaa kwa macho yake, na kusimama mwenyewe mbele ya watu wazima wakamsikiliza.

Kisha zikaja sinema, magari na redio. Vikundi vya kusafiri vikafifia na kumbi nyingi zikafungwa. Nyingine zikageuzwa maghala, nyingine zikaungua au kubomolewa. Ule wa Red Cloud ulikaa kimya kwa miongo mingi hadi taasisi yenye jina la Cather ilipoukarabati na kuufungua tena mwaka 2003.

Central City, mji wa migodi ya dhahabu milimani Colorado, nao ulipitia njia hiyo. Jumba lake la mawe lilifunguliwa mwaka 1878 kwa juhudi za wakazi, wakiwamo wachimbaji kutoka Cornwall na Wales waliokuja na utamaduni wao wa kuimba. Dhahabu ilipopungua, watu walihama na jumba likachakaa. Mwaka 1932 lilifufuliwa, mwigizaji Lillian Gish akiwa nyota wa onyesho la ufunguzi. Mwaka 1956 opera mpya, *The Ballad of Baby Doe*, iliimbwa hapo kwa mara ya kwanza. Inasimulia maisha ya watu waliopata utajiri wa madini ya fedha huko huko Colorado, kisha wakaupoteza. Mji wa wachimbaji ukasikia habari za wachimbaji zikiimbwa katika jukwaa lao.

Hapo ndipo ilipo thamani ya majumba haya. Tiketi peke yake haiwezi kuipima. Mji wenye ukumbi una mahali ambapo mkulima, mwalimu na mwenye duka wanakaa safu moja, mgombea anaulizwa maswali ana kwa ana, na mtoto anapigiwa makofi na watu wanaolijua jina lake. Halmashauri inayopanga barabara, soko na kituo cha afya ipange na ukumbi, kisha iutengee fedha za paa na za mlinzi kila mwaka. Watoto wa miji midogo wana vipaji sawa na wa jijini. Wanachokosa mara nyingi ni jukwaa.