Likeni za misitu ya mireteni: si kuhesabu miti tu

Sisi wa miradi ya mazingira tumezoea kuhesabu miche. Safari hii tunapenda kueleza juu ya viumbe ambavyo hesabu hiyo haivigusi kabisa, yaani likeni, hasa zile za misitu ya mireteni katika nchi zinazozunguka Bahari ya Mediterania.

Likeni ni yale madoa ya kijivu, ya njano au ya kijani, na zile ndevu zinazoning'inia, ambazo wengi wetu huziona kwenye magome na mawe tukadhani ni ugonjwa wa mti. Si ugonjwa. Ni kuvu anayeishi pamoja na mwani, au na bakteria wanaotumia mwanga wa jua. Kuvu hujenga nyumba na kutunza unyevu. Mwenzake hutengeneza chakula. Mtaalamu wa Uswisi, Simon Schwendener, alipolieleza jambo hili katika miaka ya 1860, wenzake wengi walimpinga. Mwaka 2016 watafiti wakaonyesha kwamba katika baadhi ya likeni yumo hata mwenzi wa tatu, jamii ya hamira. Likeni haina mizizi. Hunywa ukungu, umande na mvua, na pamoja na maji hayo hupokea uchafu wote wa hewa, ndiyo maana nyingi hufa hewa inapochafuka.

Mreteni nao ni jamaa wa mtarakwa wetu wa Shume na West Kilimanjaro. (Tusiuchanganye na mretemu wa nabii Eliya, ule ni mti mwingine kabisa.) Aina iitwayo kitaalamu Juniperus thurifera huota katika nyanda za juu za Hispania, kama vile mkoa wa Soria, na pia Ufaransa, Moroko na Algeria. Hukua polepole mno na huweza kuishi karne nyingi. Gome lake huchunika kwa vipande virefu vyembamba, hivyo likeni nyingi hukosa pa kushika. Anayepita haraka atasema msitu huu ni maskini.

Utajiri wake umo katika uzee na katika wingi wa makazi. Upande wa shina wenye kivuli una wakazi wake, na tawi lililokauka ambalo halichuniki tena lina wengine. Mawe ya chokaa vivyo hivyo. Tena misitu hii ni ya wazi, na ardhi kati ya mti na mti, hasa penye jasi, hufunikwa na likeni nyeupe, za waridi na za njano kama ngozi ngumu. Ngozi hiyo huzuia udongo usichukuliwe na upepo wala mvua, na zile zenye bakteria huongeza naitrojeni ardhini. Kwato na magurudumu huivunja kwa siku moja. Kupona huchukua miaka mingi.

Hapo ndipo penye ugumu. Katika milima ya Atlasi nchini Moroko mireteni imekatwa sana kwa ajili ya kuni na malisho ya mbuzi. Huko baridi ni kali, na kwa maoni yetu kuwalaumu wanavijiji bila kuwapatia nishati nyingine hakufai kitu. Hispania mambo ni kinyume: katika miaka ya 1950 na 1960 watu wengi wa vijijini walihamia mijini, ufugaji ukapungua, na vichaka na miti mingine vikaanza kuziba nafasi. Likeni za ardhini zinazopenda jua hufunikwa. Kwa hiyo kondoo wakizidi ni hasara, na wakiondoka wote ni hasara pia.

Mwaka 1992 Umoja wa Ulaya uliiweka misitu ya mireteni ya namna hii kati ya makazi ya kulindwa kwa kipaumbele. Sheria, hata hivyo, haizuii joto. Huko Aranjuez, kusini mwa Madrid, katika jaribio lililoanza mwaka 2008 kwenye ardhi ya jasi, joto liliongezwa kwa nyuzi 2 hadi 3 na likeni za ardhini zikapungua.

Aidha, anayeondoa mireteni iliyokauka ili msitu upendeze huondoa pia likeni zinazoishi kwenye mbao kavu. Mche unaopandwa leo hautakuwa na tawi kavu la namna ile kwa muda mrefu sana.