Mtoto Mmoja Huongeza Shilingi Ngapi?

Swali hili huja mwishoni mwa baraza, chifu akikaribia kuomba mzee mmoja afunge kwa dua. Rapsu, katika wadi ya Kinna, Isiolo Kusini, liliulizwa hivi: "Daktari, nyinyi mwatuambia tupange uzazi. Tukiwa wachache, si serikali itatupunguzia mgao? Na kiti cha bunge je?" Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Mimi si daktari wa kutibu. Ni mtu wa takwimu za idadi ya watu. Swali hilo nimelisikia Garba Tulla, nimelisikia Merti, na nimelisikia kwa mheshimiwa mmoja ambaye kazi yake ingetosha kumfundisha jibu. Kwa upole nimekwisha kulijibu mara nyingi mno. Sasa nalijibu kwa hesabu, na anayetaka kubisha aje na kikokotoo.

Chukua fomula ya tatu ya ugavi wa mapato, ile iliyowagonganisha maseneta mwaka 2020 kikao baada ya kikao, hadi wengine wakakamatwa na polisi. Ilianza kutumika na fungu la shilingi bilioni 370 kwa kaunti zote 47. Wingi wa watu ulipewa uzito wa asilimia 18 tu. Nikupendelee: tuchukulie kwamba fedha zote ziligawanywa kwa fomula hiyo, ingawa sehemu kubwa ilifuata uwiano wa miaka ya nyuma na kiasi halisi ni kidogo zaidi. Asilimia 18 ya bilioni 370 ni bilioni 66.6. Zigawanye kwa watu milioni 47.6 waliohesabiwa katika sensa ya 2019. Unapata shilingi 1,400 kwa kichwa, kwa mwaka.

Hizo hazifiki nusu ya bei ya mbuzi. Tena mbuzi huyo hafungwi kwako. Anapelekwa Isiolo mjini, achinjiwe mishahara, mafuta ya magari na ukarabati wa ofisi, na kinachobaki ndicho kinachotafuta njia ya kufika Rapsu.

Najua atakayeinua mkono hapa: vigezo vya afya na kilimo navyo si vinatazama watu? Vinatazama. Basi turudi kwenye fomula mbili za kwanza, zilizoupa wingi wa watu asilimia 45. Na ile ya nne, iliyopitishwa 2025, imeupandisha tena uzito huo. Kwa fungu lile lile, asilimia 45 inaleta shilingi 3,500 kwa kichwa kwa mwaka. Mwambie mama anayenunua maziwa, sare na daftari kwamba amzae mtoto wa sita kwa ajili ya shilingi 3,500 ambazo hatazishika, halafu umsikilize atakalokujibu.

Na hata hizo 3,500 haziji mtoto anapozaliwa. Fomula haisomi daftari la wodi ya wazazi. Inasoma sensa, na sensa hufanywa kila baada ya miaka 10. Ijayo ni ya 2029. Kisha mgao ni uwiano: Isiolo ikizaa sana na Turkana, Garissa na Kakamega nazo zikazaa sana, hakuna aliyemzidi mwenzake. Wote mmebaki palepale, ila watoto wameongezeka na madarasa ni yaleyale.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba waulizaji hawajatazama jinsi fomula inavyowapendelea wao kwa sababu ni wachache. Katika mwaka wa fedha wa 2021/22 Isiolo ilitengewa takriban bilioni 4.7. Kwa watu 268,002, ni kama shilingi 17,500 kwa kila mmoja. Nairobi ilipata takriban bilioni 19.2 kwa watu milioni 4.4: kama shilingi 4,400 kwa mmoja. Lamu, kaunti yenye watu wachache kuliko zote, ilipita shilingi 21,000 kwa kichwa. Sababu haina siri. Asilimia 20 ya fomula ile iligawanywa sawa kwa kila kaunti, iwe na watu milioni nne au laki moja na nusu, na asilimia nyingine 8 ilifuata ukubwa wa ardhi. Ndiyo maana mwaka ule wa 2020 wanasiasa wa kaunti zenye watu wengi ndio waliopiga kelele za mtu mmoja, kura moja, shilingi moja. Isiolo ikijiunga na wimbo huo inajiimbia kilio.

Kuhusu kiti, hapo mwulizaji ana hoja nusu. Katiba ya 2010 imeweka maeneobunge 290, wala hayaongezeki hata tukizaa namna gani. Ukigawanya Wakenya wa 2019 kwa 290 unapata kama 164,000 kwa eneobunge. Sehemu zenye watu waliotawanyika zinaruhusiwa kushuka chini ya hapo kwa asilimia 40, yaani hadi kama 98,400. Garba Tulla, ambayo ndiyo Isiolo Kusini, ilihesabiwa ikiwa na watu karibu laki moja. Iko ukingoni, sikatai. Lakini tazama ni nini hasa kinachopandisha na kushusha namba hizi.

Sensa ya 2009 iliikuta Isiolo na watu 143,294. Ya 2019 ikaikuta na 268,002. Hilo ni ongezeko la asilimia 87 katika miaka 10. Tuseme watu wa Isiolo waliongezeka kwa asilimia 3.8 kila mwaka, ile kasi ya Kenya nzima mwishoni mwa miaka ya 1970 iliyotushangaza sisi wenyewe: wangefika kama 208,000. Watu 60,000 waliobaki hawakutoka tumboni mwa mama yeyote wa Isiolo katika muongo huo. Walihamia, au walikuwapo 2009 wasihesabiwe, au walihesabiwa 2019 mahali wasipoishi. Kila mmoja achague maelezo anayoyapenda, uzazi haumo. Mwaka 2010 waziri wa mipango wa wakati huo, Wycliffe Oparanya, alifuta matokeo ya wilaya nane za Mandera, Wajir, Garissa na Turkana kwa sababu namba zilipanda kuliko binadamu wanavyoweza kuzaa, na jambo hilo likaishia mahakamani. Viti na migao hugombaniwa kwa makarani wa sensa, mipaka na mawakili. Tumbo la mwanamke wa Rapsu ni silaha butu kabisa katika vita hivyo, na ndilo pekee linaloumia.

Nasema hivyo bila kuwakejeli wazee. Watu wa huku wana sababu ya kuishuku serikali inapotaka kujua wako wangapi. Waborana wa Isiolo wanakiita kipindi cha vita vya Shifta, katika miaka ya 1960, Gaafa Daaba, yaani kipindi cha kusimama, kwa sababu walizuiliwa kuhama na malisho: walikusanywa kwenye vijiji vyenye ulinzi, Garba Tulla kikiwa kimojawapo, na mifugo ikateketea. Baada ya hapo ndipo mifereji ya umwagiliaji ikaanza kuletwa katika sehemu kadhaa za Isiolo kwa ajili ya watu waliobaki mikono mitupu. Aliyelelewa kwenye hadithi hizo akisikia mtu wa Nairobi anasema "zaeni wachache", haisikii sauti ya muuguzi.

Ila kusema kwamba kupanga uzazi ni jambo la kuletwa si kweli pia. Katika gada, mfumo wa jadi wa madaraja ya maisha, mwanamume wa Kiborana hakuruhusiwa kulea watoto kabla ya kufikia sehemu fulani ya daraja la raba, naye akiwa mtu mzima wa kutosha. Mwanaanthropolojia Asmarom Legesse, katika kitabu chake cha 1973 kuhusu gada, aliuona mwiko huo kuwa ulihusiana na kuzuia idadi ya watu isiizidi nchi. Sheria ilikuwa kali, na watoto waliozaliwa kabla ya wakati waliipata pabaya. Siipigii debe. Nataka tu msiniambie kwamba mababu walizaa bila hesabu.

Sasa, serikali zinaweza nini? Kidogo kuliko zinavyojigamba. Kenya ilitangaza mpango wa taifa wa kupanga uzazi mwaka 1967, mbele ya nchi zote za Afrika kusini mwa Sahara. Miaka 10 baadaye mwanamke wa Kenya alikuwa na wastani wa watoto 8.1. Tangazo halikumfanya yeyote azae wachache. Uzazi ulishuka baadaye, wasichana walipokaa shule, watoto walipoacha kufa ovyo, mashamba yalipokatwa hadi yakaisha, na huduma ilipofika vijijini: 5.4 mwaka 1993, 4.7 mwaka 1998. Kisha ukakwama miaka mitano, fedha za wafadhili zilipoelekezwa kwenye Ukimwi, ndipo ukaendelea kushuka hadi 3.4 mwaka 2022. Wastani huo unaficha mengi: Mandera bado ni 7.7, Nairobi 2.5.

Amri nazo? Rais Magufuli aliwaambia Watanzania mwaka 2018, huko Meatu, waache njia za kupanga uzazi, na mwaka 2019 akairudia kauli hiyo. Uzazi wa Tanzania ulikuwa 5.2 kabla ya hotuba hizo, na utafiti wa 2022 ukaukuta 4.8. Romania ilipiga marufuku utoaji mimba mwaka 1966. Vizazi vikaongezeka maradufu mwaka mmoja, vikaanza kushuka tena, na wanawake wakafa kwa wingi wakijaribu njia za uchochoroni. Uchina ililazimisha mtoto mmoja, ikaja kuruhusu watatu mwaka 2021, na mwaka uliofuata idadi ya watu wake ikaanza kupungua. Korea Kusini imemwaga fedha kuwabembeleza vijana wazae, na 2023 uzazi wake ulifika 0.72. Anayeogopa kwamba zahanati ya Rapsu itawamaliza Waborana kwa sindano ya miezi mitatu angeitazama Seoul aone kinachopunguza watu hasa: nyumba ghali, kazi zisizoisha, na wanawake walioamua.

Kwa wanaouliza dini inasemaje, nendeni kwa masheikh wenu, mimi si mufti. Nawakumbusha tu kwamba Iran, jamhuri inayoongozwa na maulamaa, ilianza mpango wake mwaka 1989 kupitia vituo vidogo vya afya vijijini, na uzazi ukashuka kutoka zaidi ya watoto sita katika miaka ya 1980 hadi kama wawili, bila kumfunga mtu. Viongozi walewale walipogeuza kauli katika miaka ya 2010 na kutaka watoto wengi, wananchi hawakugeuka kwa haraka hiyo.

Basi mambo ya kufanya, kwa haraka. Unataka Rapsu ihesabike: mtoto apate cheti cha kuzaliwa, kijana wa miaka 18 achukue kitambulisho (agizo la kuondoa mahojiano ya ziada kwa watu wa mikoa ya mpakani lilitiwa saini Februari 2025, lidai) kisha ajiandikishe kura, na usiku wa sensa ya 2029 waliohama na mifugo wafuatwe huko fora, kambi za malisho ya mbali, waliko. Unataka kupanga uzazi: sindano ni miezi mitatu, kipandikizi cha mkononi ni miaka mitatu au mitano kulingana na aina, koili ya shaba inafika miaka 10 na zaidi, vidonge vinamezwa kila siku, kunyonyesha pekee kunakinga miezi sita ya kwanza ikiwa hedhi haijarudi na mtoto hapewi kitu kingine, hata maji, na kondomu peke yake ndiyo inayozuia magonjwa ya zinaa. Baada ya kujifungua, Shirika la Afya Duniani linashauri angalau miaka miwili kabla ya mimba nyingine. Ukitokwa na damu isiyo ya kawaida au ukiumwa kichwa sana, rudi kwa muuguzi abadilishe njia, usimsikilize jirani. Na ukikuta rafu ya dawa tupu, usimlaumu muuguzi: afya iligatuliwa mwaka 2013, kwa hiyo ni suala la kaunti, na makadirio ya bajeti hupelekwa bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Vikao vya maoni ya wananchi hufanyika kabla ya hapo, na mara nyingi viti vya mbele huwa wazi.