Tutazame Chini ya Gari

Si haba vijana wa Visiwani wanaotamani gari ya mbio ya milango miwili. Toyota Celica, iliyotengenezwa tangu mwaka 1970 hadi 2006, sasa hupatikana ikiwa kuukuu tu. Na kwa kuwa Japani nayo hupita kushoto, usukani wake haututaabishi. Lakini rangi inayong'aa isitughuri. Chumvi ya bahari hula chuma, nayo gari hii imeinama karibu na ardhi, hali njia zetu za shamba zina mashimo. Kabla ya kutoa akiba ya miaka, mnunuzi hana budi kwenda na fundi, achungulie kutu chini na kuulizia vipuri. Wakaguzi nao wasiridhike na karatasi. Majuto ni mjukuu.